Kamera ya dukani na ubao wa kugusa: uliza saa kabla ya kushika bisibisi

Mteja akinipigia simu kwamba kamera imeharibika, swali langu la kwanza huwa saa. Inaharibika saa ngapi? Wengi hushangaa, maana walitegemea niulize aina ya kamera au bei waliyonunulia. Lakini huku Mwanza karibu kila tatizo lina saa yake. Kuna kamera inayozima giza likiingia, kuna inayoona ukungu alfajiri, kuna ubao wa kugusa darasani unaojibonyeza wenyewe saa kumi jioni, na kuna picha inayochafuka siku chache mwezi unapoandama kisha ikapona bila kuguswa. Mwenye kifaa akiijua saa, fundi anaondoka nyumbani akiwa na nusu ya jibu mfukoni. Asipoijua, hela itaishia kwenye kamera mpya wakati ile ya zamani haina kosa.

Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa saa. Uwe na mita ya kupimia umeme, bisibisi, adapta moja nzima ya volti 12, kipande cha waya mfupi wenye jeki pande zote mbili, brashi laini kavu, na simu yako. Ngazi azima kwa jirani.

Mchana inaonyesha vizuri, usiku inazima

Hili ndilo ninaloitiwa kuliko yote, na ndilo linalowatia watu hasara bure.

Mama mmoja mwenye stoo ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, alikuwa amebadilisha kamera ya getini mara mbili. "Hii ya tatu, mwanangu," aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, "na bado ikifika saa moja na nusu inazima. Inawaka, inazima, inawaka, inazima, mpaka asubuhi." Ile kuwaka na kuzima ndiyo dalili yenyewe.

Kamera ya usiku ina taa za infraredi, mwanga usioonekana kwa jicho, kuzunguka lenzi. Mchana taa hizo zimelala na kamera inakula umeme kidogo, tuseme ampea 0.2. Giza likiingia, kihisi cha mwanga kinaziwasha na mahitaji yanapanda hadi ampea 0.5 hivi. Hapo ndipo waya mrefu mwembamba unaposhindwa. Piga hesabu: waya wa shaba wa milimita mraba 0.5 una ukinzani wa takriban omu 35 kwa kilomita. Kutoka kwenye adapta hadi getini kwa yule mama ni mita 60. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 120, ambazo ni omu 4.2. Mchana inapotea volti 0.84 njiani, na hakuna anayejua. Usiku zinapotea volti 2.1, kamera ya volti 12 inabaki na 9.9, na nyingi huanza kuyumba hapo.

Hiyo ni shaba halisi. Waya mwingi wa bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba juu, na ukinzani wake unauzidi ule wa shaba kwa nusu nzima au zaidi. Kwa waya kama huo usiku zinapotea volti 3 na ushee, kamera inapata chini ya 9, inazima. Ikizima, taa zake zinazima nayo, mzigo unaondoka, volti zinarudi karibu na 12, kamera inawaka, inaona giza, inawasha taa, inazima tena. Usiku kucha.

Huna haja ya kusubiri usiku ili kupima. Panda ngazi mchana, weka mita kwenye jeki ya umeme kamera ikiwa imeunganishwa na inafanya kazi, soma namba. Kisha funika lenzi na kihisi kwa kiganja. Utasikia "tik" ndogo ndani ya kamera, na namba itashuka ukiitazama. Pale Mwaloni mita ilisoma 10.7 kiganja kikiwa mbali. Nilipofunika ikashuka 9.4, 9, 8.8, na kijana aliyekuwa chini akiangalia skrini akaita, "Imekata!" Nikakata ncha ya waya na kuikwangua kwa kisu. Wekundu ukabanduka, ndani mweupe mtupu.

Tiba ni kuusogeza umeme karibu au kuunenepesha waya. Kama kuna soketi karibu na kamera, hamishia adapta huko, ndani ya kiboksi kisichoingiza maji. Kama hakuna, vuta waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ule ule wa kufungia nyumba. Ukinzani unapungua mara tatu. Usikubali ushauri wa kuweka adapta ya volti 15 "ili ifidie". Mchana, mzigo ukiwa mdogo, kamera itapokea karibu volti zote hizo na ndani ya wiki utakuwa unazika kamera.

Kwa anayefunga upya kabisa, napendekeza bila kusita kamera za mtandao zinazopitisha umeme na picha kwenye waya mmoja, zile tunazoita PoE. Kiwango chake kilitoka mwaka 2003: umeme unasafiri kwa takriban volti 48, hadi wati 15.4 kwa kila tundu, na waya usizidi mita 100. Kamera ya wati 6 inayotaka ampea 0.5 kwa volti 12 inahitaji ampea 0.125 tu kwa volti 48. Mkondo umepungua mara 4, na nguvu inayopotea kwenye waya ule ule inapungua mara 16. Ndiyo maana zinavumilia umbali.

Yule mama tulimvutia waya mnene. Zile kamera mbili "mbovu" zilikuwa bado chini ya meza. Zote nzima, moja sasa inaangalia mizani.

Usiku picha ni nyeupe kama maziwa

Kamera haizimi, lakini usiku unaona weupe mtupu na vivuli. Anza na utando wa buibui. Buibui hupenda kamera kwa sababu kuna wadudu, na uzi mmoja ulio sentimita chache kutoka kwenye lenzi unamulikwa na infraredi kuliko mtu aliye mita kumi. Jicho lako halioni mwanga huo, kamera inauona, na kwake uzi ni kamba inayowaka. Futa kwa brashi. Kila wiki.

Kisha wadudu wa ziwani. Mwenye kuishi Capri Point, Igogo au Ukerewe anawajua: yale mawingu yanayopanda juu ya maji kama moshi, ambayo kwa baadhi ya aina hujitokeza zaidi karibu na mwezi mwandamo. Hawaumi, lakini wakifika ukutani wanakaa juu ya kioo cha kamera na picha inakuwa theluji. Mteja akisema "kila mwezi inasumbua siku tatu nne halafu inapona," usifungue kamera. Zima taa za infraredi za kamera kwenye menyu, kisha funga taa nyingine ya infraredi mita mbili au tatu pembeni. Wadudu wanaopita mbele ya lenzi hawatamulikwa kwa karibu. Kama eneo lina taa ya kawaida ya usiku, iweke mbali na kamera, maana wadudu hufuata mwanga wake.

Kamera za kuba zina ugonjwa wake wa peke yake. Ndani kuna duara la sponji kuzunguka lenzi ambalo lazima liguse kioo cha kuba. Fundi akifunga kuba vibaya sponji linaacha nafasi, mwanga wa infraredi unagonga kioo na kurudi kwenye lenzi. Jaribu: zima infraredi ya kamera, washa tochi pembeni. Picha ikisafika, fungua kuba, safisha alama za vidole kwa kitambaa laini, rudisha ukihakikisha sponji limebana.

Alfajiri kuna ukungu, saa tatu asubuhi umeondoka

Unyevu umeingia ndani. Hewa ya usiku inapoa, mvuke unakaa kwenye kioo, jua likipanda unapotea. Karibu kila mara maji yameingilia kwenye tundu la waya. Waya unaotoka juu na kuingia moja kwa moja kwenye kamera unafuatwa na maji ya mvua. Ushushe kwanza chini ya tundu kisha uupandishe, matone yadondokee pale kwenye mkunjo. Fungua kamera siku kavu, iache juani nusu saa, weka kifuko kipya cha chembe za kunyonya unyevu, ziba tundu kwa silikoni.

Jioni nyuso ni nyeusi, na ubao unajibonyeza

Mji wa Mwanza uko upande wa mashariki wa ghuba, kwa hiyo jua linazama upande wa maji. Kamera inayotazama ziwa inapigwa na jua mara mbili, kutoka angani na kutoka kwenye maji. Kuanzia saa kumi na moja jioni watu wanaoingia dukani ni vivuli vyeusi. Kwenye menyu tafuta WDR na uiwashe: kamera itachanganya picha ya mwanga mkali na picha ya mwanga hafifu ili pande zote zionekane. Inasaidia, lakini ukiweza igeuze kamera itazame kusini au kaskazini, hiyo ndiyo dawa.

Jua hilo hilo ndilo linalotesa bao za kugusa mashuleni. Niliwahi kuitwa shule moja upande wa Nyegezi. Mwalimu alisema ubao wao mpya ni mzima asubuhi yote, ila kipindi cha mwisho unafungua programu wenyewe, unachora mistari, unazima video katikati ya somo. Watoto walianza kusema una majini. Ubao ulikuwa ukitazamana na dirisha la magharibi.

Bao nyingi kubwa hazihisi kidole. Pembezoni mwa fremu kuna safu za taa ndogo za infraredi, na upande wa pili safu za vihisi. Miali inapita mbele ya kioo kama nyuzi za wavu, na kidole kikikata miali, kompyuta inajua kimeikata wapi. Wazo lenyewe ni la miaka mingi, na tangu mwanzo lilikuwa la wanafunzi: kompyuta ya kufundishia ya PLATO IV, iliyotoka Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 1972, ilikuwa na wavu wa miali 16 kwa 16. Bao nyingine zina kamera ndogo pembeni zinazotazama juu ya uso wa kioo na kupima pembe ya kidole. Zote zinategemea infraredi, na jua lina infraredi tele. Jua la chini likiingia kwenye vihisi, linavipofusha, na ubao unadhani umeguswa.

Tulichofanya: mwalimu alikuwa na kanga mbili, tukaziba dirisha. Ubao ukatulia papo hapo. Kama usingetulia, ningefuata hatua hizi. Kwanza brashi kavu kwenye fremu yote, hasa ukingo wa chini, maana vumbi la chaki na wale wadudu wa ziwani hurundikana hapo. Pili tafuta stika, kipande cha gundi au karatasi iliyobandikwa kwenye fremu. Inaziba miali mchana na usiku, na dalili yake ni mstari mmoja wa ubao usioitika, uliosimama au uliolala. Tatu, zima taa za darasa na uangalie fremu kwa kamera ya simu. Simu nyingi, hasa kamera ya mbele, huona infraredi kama nuru hafifu ya zambarau. Mahali palipo na pengo kwenye safu, kuna taa iliyokufa. Mwisho ndipo ufanye ulinganishi wa mguso kwenye menyu, yaani kuuonyesha ubao upya kidole kinagusa wapi. Wengi huanza na ulinganishi, na kama jua bado linapiga, wanahifadhi makosa.

Skrini ndogo za kaunta na simu ni aina nyingine: zinahisi umeme wa mwili. Kidole chenye maji ya samaki huzichanganya, na hilo ni la kukausha mkono tu. Zikijibonyeza wakati zinachajiwa na kutulia ukichomoa chaja, kosa ni la chaja au la ethi ya jengo, yaani waya unaopeleka umeme uliopotea ardhini. Ethi inanileta kwenye radi.

Baada ya mvua ya radi, kamera moja au zote hazionyeshi

Ziwa letu ni kati ya sehemu zenye radi nyingi sana Afrika. Usiku upepo unatoka nchi kavu pande zote na kukutana juu ya maji yenye joto, mawingu yanajengeka, na dhoruba nyingi zinapiga usiku na kuelekea asubuhi. Radi si lazima ipige kamera. Ikipiga jirani, waya wako mrefu unabeba msukumo wa umeme kama unavyobeba picha.

Chunguza kwa kubadilishana. Chukua kamera iliyokufa, iunganishe kwa ule waya mfupi na adapta yako nzima, palepale kwenye DVR, ile mashine ya kurekodi, tundu jingine. Ikionyesha, kamera ni nzima; kosa ni waya, adapta yake au tundu. Isipoonyesha, kamera imekufa. Kwa vyovyote, kisha chukua kamera nzima uichomeke kwenye tundu la ile iliyokufa ujue kama tundu ni zima. Kwa hatua hizi mbili unajua cha kununua. Nimeona watu wakitupa DVR nzima wakati ni tundu moja tu limeungua, na mashine ya matundu 8 yenye kamera 5 bado ina nafasi.

Kinga ni ethi, na hapa Mwanza ina taabu yake. Vilima vyetu ni mawe matupu. Fimbo ya mita 1.2 inagonga jabali kabla ya kufika nusu, fundi anakata iliyobaki, waya wa kijani unafungwa, na kila mtu anaamini kuna ethi. Haipo. Mahali pa mawe chimba mtaro kwenye udongo uliopo kati ya miamba, laza waya wa shaba mtupu kwa urefu, mita nyingi uwezavyo, fukia kwa udongo unaoshika maji, na ikiwezekana maji ya kuogea au ya paa yapite hapo. Kisha pima. Baada ya hapo vizuia radi vya kwenye waya wa kamera vitakuwa na mahali pa kumwagia umeme. Bila ethi ni mapambo.

Mistari na rangi za ajabu

Mistari inayotetemeka chini ya taa za dukani tu: kamera imewekwa kwa umeme wa hezi 60. Wa kwetu ni 50. Badilisha kwenye menyu.

Mistari mipana inayopanda polepole saa zote, kamera ikiwa kwenye nguzo ya chuma: ethi mbili zinagombana kupitia waya wa picha. Fungua kamera kutoka kwenye chuma, iache ining'inie. Mistari ikitoweka, weka kipande cha plastiki au ubao kati ya kamera na nguzo.

Mchana majani ya miti ni ya waridi: kile kioo cha kuchuja infraredi, kilichosema "tik" ulipofunika lenzi, kimekwama. Badilisha kutoka mchana kwenda usiku na kurudi mara kadhaa kwenye menyu. Kisipoachia, gonga ubavu wa kamera kwa mpini wa bisibisi, polepole.

Tukio halipo kwenye rekodi

Kabla ya kusema DVR haikurekodi, hakikisha mnatafuta saa moja. Mwenye duka anasema wezi walikuja saa nane usiku. Kijana wa kaunta anafungua 08:00, anaona watu wakifagia, anasema hakuna kitu. Saa nane usiku ni 02:00. Nimekuta mabishano makali kazini, mlinzi akisingiziwa kuzima kamera, kwa ajili ya tofauti hii tu.

La pili ni ukanda wa saa. Mashine nyingi hutoka kiwandani zikiwa na saa za China, GMT+8. Sisi ni GMT+3. DVR ikijirekebisha kupitia intaneti, tukio la 02:00 linaandikwa 07:00. Weka GMT+3. Na kama saa inarudi mwaka wa zamani kila umeme ukikatika, betri ya kidonge ndani ya mashine imekufa. Ni CR2032 mara nyingi, ya bei ndogo.

La tatu ni diski kujaa na kujifuta. Kamera inayorekodi megabiti 4 kwa sekunde inatumia takriban gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 8 ni gigabaiti 345, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 haifiki siku 3. Mtu anaibiwa Ijumaa, anagundua Jumanne, rekodi imekwishaandikwa juu yake. Kwenye menyu, namna ya kubana video ibadilishe kutoka H.264 iwe H.265 kama mashine inaikubali. Ujazo unapungua kwa karibu nusu. Kurekodi kwa mwendo pekee kunasaidia pia, ila chora eneo la kuangaliwa uache nje mawimbi na miti, la sivyo usiku wa wadudu utajaza diski peke yake.

Mwizi anaonekana, lakini hajulikani ni nani

Kamera imefungwa chini ya paa, mita nne juu, na rekodi inaonyesha kofia. Mwaka 1966 muuguzi mmoja wa Queens, New York, Marie Van Brittan Brown, pamoja na mumewe Albert, waliomba hataza ya mfumo wa kamera ya mlangoni, wakaipata mwaka 1969. Kamera yao ilipanda na kushuka nyuma ya matundu kadhaa ya mlango, ili imtazame mgeni usoni awe mrefu, mfupi au mtoto. Alijua kamera inatakiwa kuwa usawa wa uso. Kamera ya mlangoni iweke mita 2 hivi. Ile ya juu iache kwa kuona uwanja.

Kisha hesabu pikseli. Kiwango kinachotumika Ulaya kinataka pikseli 250 kwa kila mita ya upana ili mtu usiyemjua atambulike. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana. Gawanya, unapata mita 7.7. Kwa lenzi inayofungua nyuzi 90, upana huo unafikiwa kwa umbali wa mita 3.8 tu. Getini kwenye mita 15 unahitaji lenzi ya kuvuta karibu. Ukiigeuza, dirisha la jirani lisiingie kwenye picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda naye.

Ukimaliza kufunga, subiri giza. Vaa kofia, tembea kutoka barabarani hadi mlangoni kwa mwendo wa kawaida, rudi ndani, fungua rekodi ya dakika hiyo, na umwite mtu asiyekujua aangalie uso kwenye picha kisha akuangalie wewe.